Benedikta, Mkono Uliochora Kanga za Mabibo

Ndugu waombolezaji, kabla ya tarehe na miaka, hebu mwoneni kwanza akiingia. Mlango wowote, wa kwenu au wa jirani. Ana mwavuli na jua linawaka, kwa sababu mwavuli ule haukuwa wa kichwa chake, ulikuwa wa karatasi alizozibana kwapani. Penseli kaichomeka kwenye nywele. Hodi ya pili haijatoka mdomoni, macho yameshashuka kwenye kanga uliyovaa. Anakagua pindo, anakagua mji, ile sehemu ya katikati, ndipo anapanda kukutazama usoni. "Hujambo? Pindo limekatwa vibaya hilo, mwenzangu. Nani kakushonea?" Wengine wenu mlinuna siku ya kwanza. Siku ya pili mlimvutia kigoda.

Huyo ndiye tuliyemleta hapa makaburini Kinondoni leo, Alhamisi tarehe 16 Machi 2006. Sehemu kubwa ya wasifu huu aliisema mwenyewe kitandani, siku nne, familia ikiandika. Aliomba mambo mawili. Kwanza, usomwe wote, usirukwe mstari. Pili, bwana Aristides apewe kiti cha mbele. Yote mawili yametimizwa. Karibu sana, bwana Aristides. Kaa kwa raha.

Marehemu Benedikta Isidori Nanjota alizaliwa Alhamisi tarehe 21 Machi 1957, Mwena, jirani na Ndanda, wilaya ya Masasi, mtoto wa tatu wa Mzee Isidori Nanjota, mkulima wa korosho. Siku ile ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Benedikto, basi jina halikutafutwa. Nyumba yao ilizungukwa na mikorosho pande zote. Kwa ambao hamkukulia kusini, bibo ndilo tunda lenyewe, jekundu au la njano, na korosho hukaa nje ya tunda, inaning'inia chini yake kama hereni sikioni. Likumbukeni hilo la hereni. Tutalirudia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, darasa la saba. Mwaka 1972 na 1973 alijifunza ushonaji kwa masista. Huko ndiko alikopata sifa yake ya kwanza. Sista alimwambia atarizi mizabibu kwenye kitambaa cha altare. Benedikta hakuwahi kuona mzabibu, na hakutaka kuuliza mbele ya wenzake, akatarizi kitu alichokijua: tawi la mkorosho, mabibo saba, kila moja na korosho yake chini. Sista alikitazama kitambaa kile, akamtazama mtoto. "Benedikta, hizi ni zabibu?" "Ndiyo, Sista. Za huku kwetu." Kitambaa kilitandikwa Pasaka ile, na Pasaka nyingi zilizofuata. Mzee Isidori alikuwa akiwaambia watu kwamba katika Masasi nzima ni yeye peke yake aliyelima zabibu bila kujua.

Septemba 1976 alikuja Dar es Salaam kwa kaka yake, Mtaa wa Likoma, Kariakoo, akaajiriwa katika chumba cha michoro cha kiwanda kimoja cha nguo. Wanaume kumi na mmoja, na yeye. Enzi hizo kanga haikuchorwa nzima. Mchoraji alichora robo moja kwenye karatasi ya miraba, kisha robo ile ikapinduliwa kwa karatasi ya kupitishia mpaka zikatimia nne, na hapo ndipo ulipojua kama siku zako tano zimezaa kanga au zimezaa takataka. Benedikta alikuja na kioo kidogo cha kujipodolea. Akakisimamisha pembeni ya robo yake, akachungulia, akaiona kanga nzima kabla haijazaliwa.

"Jamani, dada anajiremba kazini!" wakamcheka.

Baada ya mwezi kila meza ilikuwa na kioo. Alicheka kidogo tu, akaendelea na kazi. Ndivyo alivyokuwa akilipiza: polepole, na kwa mkono uliotulia.

Tarehe 27 Oktoba 1979 alifunga ndoa na Ignasi Chilumba, fundi mitambo wa kiwanda kilekile, ambaye leo ni mjane hapa mbele yetu. Walijaliwa watoto wawili, Vitalis na Angelina. Msimamizi wa bwana harusi alikuwa rafiki yake wa chanda na pete, tarishi wa ofisi, mtu wa Masasi kwa baba na mama ingawa yeye alizaliwa na kukulia hapahapa mjini. Alivaa suti ya kukodi, akasema hotuba nzuri mno. Tangu siku ile akamwita marehemu "shemeji". Jina lake ni Aristides.

Mwaka 1993, soko huria lilipokuwa limeshika kasi na kanga za nje zimejaa Kariakoo, kiwanda kilipunguza wafanyakazi. Ignasi na Benedikta walipunguzwa siku moja. Wiki mbili hazijaisha, Aristides akaja Likoma akiwa na soda mkononi.

"Shemeji, usilie. Wafanyabiashara wa jumla wanapeleka michoro India, wanachapiwa huko. Wanatafuta wachoraji kama maji. Wewe chora, mimi nitatembeza. Mwanamke mwenye watoto utahangaika na maduka?"

Alichora. Miaka sita alichora kwenye meza ya kulia chakula, watoto wakisubiri rangi ikauke ndipo wapakuliwe wali. Kila mchoro aliandika jina lake kwa penseli pembeni chini, herufi ndogo, akaukabidhi. Michoro mia mbili na kumi na miwili, na mabibo katika kila mmoja. Kanga zilizorudi zilikuwa zimechapwa ukingoni "Mali ya Aristides", naye akaambiwa kwamba hiyo ni alama ya biashara tu. Akaamini. Alikuwa msimamizi wa ndoa yake, angeanzaje kutomwamini? Wanawake wenye umri wa kuzidi miaka thelathini hapa, mliojifungua miaka ile, watoto wenu mliwabeba kwa mkono wa Benedikta.

Januari 1999 Aristides alinunua kompyuta, akapanga chumba chenye kiyoyozi karibu na soko. Benedikta alipopeleka mchoro uliofuata, hakuupokea.

"Shemeji, karatasi imekwisha kazi. Kiwandani India sasa wanataka vya kwenye kompyuta. Na programu ya kuchorea inanunuliwa nje, leseni yake tu ni bei ya kiwanja kizima Mbagala. Hii huiwezi. Pumzika, umefanya sana."

"Basi nirudishie michoro yangu nikae nayo."

"Michoro ipi?"

Hapo ndipo alipoinua macho. Ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, ulikuwa mchoro wake wa kwanza, bibo kubwa katikati ya mji. Pembeni chini penseli ilikuwa imefutwa, karatasi ikabaki na kivuli cha herufi zake, na juu ya kivuli kile kuna saini ya wino. Ya Aristides.

"Shemeji, hii ni yangu."

"Yako ilikuwa karatasi, shemeji. Sasa zote ziko kwenye kompyuta, na kompyuta ni yangu."

Ignasi aliposikia alivaa viatu. Si kwenda kuzungumza. Benedikta akasimama mlangoni. "Kaa chini, baba Vitalis. Ukimpiga, watu watamhurumia. Mimi sitaki ahurumiwe. Nataka aseme." Akarudia mara mbili, ili mumewe aelewe kwamba si machungu ya siku moja. "Aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele za watu, nani alichora."

Hilo tu. Kwa miaka saba iliyobaki ya maisha yake hakutaka kitu kingine kutoka kwa mtu yule.

Asubuhi iliyofuata alichukua mwavuli wake akaenda Mchafukoge, kwa Bi Anjana mwenye duka la karatasi, anayefahamika kwa kila mtu aliyewahi kuhitaji barua ichapwe. Benedikta alikuwa akinunua penseli na karatasi za miraba kwake tangu enzi za kiwanda. Siku ile hakununua kitu. Aliomba kiti.

Bi Anjana alimsikiliza mpaka mwisho, akazima feni ili asikie vizuri. Kisha akasema, "Mama Vitalis, huyo kakudanganya kitu kimoja kikubwa. Kasema programu ni ya wenye viwanja. Subiri." Mwanawe Pranav alikuwa akisomea kompyuta India, na likizo iliyopita alileta CD yenye programu ya kuchorea iliyotengenezwa na watu wa nchi mbalimbali, wakaiachia dunia nzima bure. Hakuna leseni ya kununua. Hakuna ufunguo wa kuomba. Bi Anjana mwenyewe hakuwa na haja nayo. Alikuwa anawekea kikombe cha chai juu yake.

Wakaifuta chai. Wakaiweka kwenye kompyuta.

Ndugu zangu, mwacheni marehemu awaeleze mwenyewe, kwa sababu alieleza siku nzima na mwandishi akachoka mkono. Alisema siku za kwanza mausi ilimkimbia kama kuku asiyetaka kuchinjwa. Alivuta mstari, ukaenda Ubungo. Lakini alipokosea, alibonyeza mara moja, kosa likarudi lilikotoka, karatasi ikabaki nyeupe kama halikutokea. Alikaa pale akikosea makusudi na kurudisha, akikosea na kurudisha, akicheka peke yake. Halafu akagundua kwamba unaweza kuweka karatasi juu ya karatasi, ua huku, pindo kule, ukaliondoa ua bila kulichana pindo. Na siku ya tisa akagundua kwamba robo moja ya kanga ikichorwa, robo tatu zinajitokeza zenyewe papo hapo. Duka zima lilimsikia.

"Anjana! Kioo changu kimo humu ndani!"

Akaiuliza programu ile swali alilozoea kuuliza kila mtu anayempa kitu: utataka nini kwangu baadaye? Haikutaka kitu. Hilo lilimshika kuliko rangi zote. Na likaja lingine, alilolisema taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. "Nikimpa mwenzangu penseli yangu, mimi nabaki mikono mitupu. Hii nikimpa, yeye anayo na mimi ninayo." Bi Anjana anasema uso wake ulibadilika pale pale, ukawa mtulivu sana, na ndipo yeye alipoanza kumwogopa.

Maana alikuwa ameona njia. Aristides hakuwa na mkono wa kuchora. Alichokuwa nacho ni mlango, na watu wote walipita pale kwa sababu waliamini hakuna mlango mwingine. Basi yeye akaamua kutoboa ukuta.

Kuanzia Juni 1999, kila Jumamosi saa tatu asubuhi, ghorofani kwa Bi Anjana, Benedikta alifundisha bure. Walikuja waandika mabango, wachapa fulana, wenye kadi za harusi, mafundi wa vitenge. Wengine mko hapa. Bi Anjana alinakili CD mpaka mashine ikanuka. Kila aliyemaliza alipewa yake, na sharti lilikuwa moja: kila utakachochora, jina lako mwenyewe liwe ukingoni, kwa wino, herufi za kusomeka. Nurdin, mwandika mabango wa Mtaa wa Sikukuu, siku moja alichapa kazi bila jina kwa kuona haya. Benedikta alimrudisha ghorofani mbele ya darasa. "Nurdin, kwani mama yako hakukupa jina? Kaandike."

Aristides alizipata habari. Akawaambia watu dukani, "Hivyo vya bure ni vya kuchezea watoto. Mimi natumia kitu cha maana." Maneno yakamfikia Benedikta. Akaongeza darasa la Jumatano.

Ikaja Novemba 2002. Michoro mia mbili na kumi na miwili ilikuwa imeisha, yote imeshachapwa, na Bwana Umakant, mfanyabiashara wa jumla wa kanga hapo Kariakoo, akamwagiza Aristides mchoro mpya wa bibo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mchoraji maarufu ikabidi achore. Akakaa kwenye kiyoyozi, mbele ya programu yake ya bei ya kiwanja, akachora bibo zuri jekundu. Na korosho akaipachika juu, kati ya tunda na tawi, mahali ambapo kwenye embe kuna kikonyo.

Kanga zilichapwa India, zikaja kontena zima. Zikafunguliwa dukani siku ambayo Moza, mnunuzi wa jumla kutoka Newala, alikuwa amesimama pale pale. Aliinyoosha moja kwenye mwanga. Akaita wenzake.

"Jamani, njooni muone maajabu! Bwana Umakant, huku kwetu korosho ni hereni. Hii ya kwako imekuwa kofia!"

"Huyu aliyechora hajawahi hata kuokota moja chini," akasema wa pili.

"Na eti mtu wa Masasi!" akasema wa tatu, na hapo duka zima likaangua kicheko.

Bwana Umakant hakucheka. Alitoa kanga ya zamani na kanga mpya, akaziweka pamoja kaunta, akatazama muda mrefu. Ameuza kanga miaka arobaini. "Mkono umebadilika," akasema. Akaulizia, akaelekezwa Mchafukoge. Alikuta darasa linaendelea, akasimama nyuma na kanga zake mbili. Benedikta aliitambua ya zamani kutoka mbali, akaja, akageuza kona, akaonyesha kitu ambacho Aristides hakuwahi kukiona katika miaka sita: kwenye kila mchoro wake, bibo la saba kutoka kushoto korosho yake ilikuwa na chale tatu ndogo, kama alivyotarizi kwa Sista mwaka 1973. Bwana Umakant akaenda ghalani, akafungua marobota, akahesabu mabibo. Chale zilikuwepo. Kila kanga.

Tangu siku ile akanunua kwa Benedikta, na kwa wanafunzi wake, moja kwa moja. Wengine wakamfuata. Chumba chenye kiyoyozi kilifungwa Agosti 2003.

Lakini Aristides alikuwa bado hajasema. Mnakumbuka alichotaka.

Aprili 2004 Aristides alipanda ngazi za Bi Anjana. Alisema amesikia kuna CD. Benedikta hakumtukana, hakumtania. Alimpa, kama alivyompa kila mtu, na sharti lilelile: utakachochora mwenyewe, weka jina lako mwenyewe. Baada ya siku mbili akairudisha. "Haifunguki, shemeji." Bi Anjana akaiweka kwenye kompyuta mbele yake, ikafunguka, karatasi nyeupe ikajaa kioo chote.

"Imefunguka, Aristides," akasema Benedikta. "Wewe ndiye hujui uanzie wapi."

Mei 2005 marehemu aligundulika na saratani ya titi. Alitibiwa katika hospitali ya taifa pale Upanga, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa huruma yao. Kuanzia Oktoba hakuweza tena kupanda ngazi, Bi Anjana akamletea kompyuta mpaka chumbani Likoma. Padre alipokuja alimwomba amsamehe adui yake. Akajibu, "Padre, mbele ya Mungu nimeshamwachia. Mbele ya watu bado." Padre, ambaye yupo hapa, aliona asibishane na mgonjwa.

Jumapili tarehe 22 Januari mwaka huu Aristides alikuja kumjulia hali, na machungwa. Ignasi alikuwapo. Benedikta aliomba ainuliwe mto.

"Sema tu hapa, mbele ya rafiki yako. Nani alichora?"

"Shemeji, ya zamani hayo. Tusameheane."

"Sijakuomba msamaha. Nimekuuliza swali."

Akatazama saa yake. Akasema ana gari la watu. Machungwa yaliliwa na watoto wa jirani.

Wiki ile marehemu alianza mchoro wake wa mwisho, akaumaliza tarehe 19 Februari. Ndio huu ambao akina mama wote waliopo wamevaa leo, aliouchapa Bwana Umakant kwa ajili ya msiba. Bwana Aristides amepita katikati yao tangu asubuhi akitoa pole, na huenda kwa huzuni hakusoma. Basi tumsomee. Maandishi ya kanga ni haya: NILICHORA MIMI, ULISAINI WEWE. Ukingoni: Mchoro wa Benedikta. Na kile kiti cha mbele kimetandikwa kanga nyingine, kutoka lile kontena la 2002, aliyoinunua mwenyewe na kuikunja sandukuni miaka mitatu. Bwana Aristides, usisumbuke kuinuka sasa. Korosho iliyo chini yako ndiyo ile ya kofia.

Benedikta alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 14 Machi 2006, saa nne na nusu asubuhi, akiwa amebakiza siku saba kutimiza miaka arobaini na tisa. Penseli ilikuwa kwenye nywele. Hatukuitoa.

Ameacha mume, Ignasi Chilumba; watoto wawili, Vitalis na Angelina; mjukuu mmoja; kaka zake wawili; rafiki yake Bi Anjana; na wachoraji mia moja na arobaini na sita wa jiji hili, ambao majina yao yako ukingoni mwa kazi zao. Programu ile bado ipo ghorofani Mchafukoge, Jumamosi saa tatu, na bado ni bure. Bwana alitoa mkono ule na Bwana ameupumzisha. Aulaze mahali penye mikorosho, apumzike kwa amani.

Siku msiba ulipoanza, mtu wa kwanza kufika Likoma alikuwa bwana Aristides, akaomba apewe nafasi ya kusema machache kwa niaba ya wachoraji wa Kariakoo. Familia ilishaelekezwa la kufanya akiomba. Tazameni ratiba mliyoshika mkononi, ukurasa wa pili. Baada ya wasifu ni yeye. Kipaza sauti kiko pale, kaburi liko wazi, na swali ni lilelile aliloulizwa Januari. Atajibu nini?